Matete Hayakuushika Mchanga

Anyosisye alimzika mumewe, Hezroni, juu ya tuta la mchanga lililotenganisha nyumba yao na ziwa, pale Matema. Ndugu walitaka azikwe migombani. Akakataa. Marehemu alikuwa mvuvi, alale anaposikia maji.

Wakati huo ziwa lilikuwa mbali. Kisha likaanza kupanda, na mwaka mmoja dhoruba ya upepo wa kusini ikaumega ufuko, mizizi ya miti ikabaki inaning'inia. Fortunatus, afisa mazingira aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba, akaitisha mkutano.

"Tuta hili ndilo ukuta wenu," alisema. "Msikate matete, msichimbe mchanga. Likiondoka, hakuna kitakachozuia maji."

Watu walipiga makofi, wakaenda zao. Anyosisye alichimbua vishina vya matete mtoni, akavibeba kichwani, akavipanda kuzunguka kaburi. Mbuzi wakavila. Akapanda tena. Yakashika, na mchanga ukaanza kujikusanya.

Ndipo siku moja akamkuta mwanawe, Gwamaka, yuko shimoni kando ya matete, anapakia mchanga kwenye guta la magurudumu matatu.

"Mwanangu, unachimba miguuni pa baba yako?"

"Mama, nafyatua tofali. Nyumba ninayojenga kule juu ni ya kukuhamishia wewe. Au unataka maji yakukute hapa?"

Kijana hakuwa mwongo. Anyosisye akageuka, akaondoka, na guta likaendelea kujazwa.

Masika yakielekea kwisha, upepo ukarudi. Ulianza asubuhi, na mawimbi yakapita kwenye lile shimo kama mlangoni. Anyosisye alisimama mvuani akiona matete yanang'oka mafungu kwa mafungu, halafu msalaba wa saruji ukainama, ukaenda, na kaburi likafuata. Akajitosa, maji yakamfika kiunoni. Gwamaka akamvuta nyuma kwa nguvu, wote wawili wanalia. Baadaye walilitafuta jeneza ufuko mzima hadi Lyulilo. Hawakuliona.

Sasa anaishi kule juu kwa mwanawe. Hawagombani. Wanakula sahani moja, kila mtu macho chini.

Juzi Fortunatus alipanda kumwona. Kijiji kimekubali kuotesha matete upya, akasema, na kinamhitaji mama awaonyeshe watu namna ya kuyapanda.

"Ndaga, baba," Anyosisye alishukuru kwa Kinyakyusa. "Pandeni ninyi. Mimi sina tena wa kumkinga."