Kola za Bi Kufuli

Pale karakana ya kushona sare walimwita Bi Kufuli, na jina lenyewe alikuwa amelitolea jasho. Saa ya chai wenzake hujisifu, huyu kamaliza suruali kabla jua halijapanda, yule kaokoa kitambaa kilichoungua pasi. Yeye hupuliza kikombe chake na kusema, "Mimi? Nimeshona tu."

Msidhani ni unyenyekevu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kazini kwake kwa zamani aliwahi kusimulia, kwenye chai hiyo hiyo, habari ya mfuko alioubuni, na kesho yake mfuko ukasifiwa kwa jina la mtu mwingine. Tangu hapo kila aliyemuuliza kitu alimwona mwizi.

Na sasa alikuwa na kitu cha kuibiwa. Kola za mashati zilikuwa zikikunjamana zikifuliwa, wateja wakizirudisha kwa matusi. Yeye akagundua dawa yake: kipande cha ndani ya kola kikikatwa mshazari, kola hutulia. Akawa anawahi asubuhi na mkasi wake wa nyumbani, anakata vipande vipya, anavitia kwenye kikapu cha wote. Kola zikatulia, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mkuu wa meza ya kukata alikuwa anastaafu, na pale mkasi mkubwa haushikwi ila na mkuu. Bi Kufuli aliutaka mkasi ule mpaka akauota. Siku ikifika angemwambia Bosi peke yake, mlango umefungwa. Chema chajiuza, alijiambia.

Siku moja Mama Vifungo, jirani yake wa benchi, akamuuliza kwenye chai, "Dada, hizi kola nani kazitengeneza? Si wewe?"

Bi Kufuli akamkazia macho. Huyu katumwa na nani? Na mbona dirisha la Bosi liko wazi leo?

"Sijui mie. Labda fundi mashine. Si alizitia mafuta mashine juzi?"

Fundi mashine akaacha kutafuna mkate. Akafikiri kidogo, kisha akatabasamu. "Mashine ikimpata mwenyewe, hunyooka."

Wiki ile ile Bosi akatoka na mkasi mkubwa, akamkabidhi fundi mashine awe mkuu mpya, kwa sababu ya zile kola. Watu wakapiga makofi. Bi Kufuli naye akapiga, roho inamuuma hadi machozi yakamlenga.

"Bosi ndiye aliyenituma nimtafute aliyezitengeneza kola," Mama Vifungo akamnong'oneza. "Nilihisi ni wewe. Nilitaka useme, asikie."

"Si ungeniambia!"

"Ungeniamini? Chema chajiuza, dada, lakini mpaka kitolewe kabatini."

Bi Kufuli akaacha kuwahi, na mkasi wake akaurudisha nyumbani. Haikupita muda, kola zikarudia ukorofi wake. Saa ya chai mkuu mpya akamwinamia sikioni. "Dada yangu, hivi zile kola ulikuwa unazifanyaje?"

Kumbe alijua! Bi Kufuli akasimama, chai ikamwagika. "Kola nilikuwa natengeneza mimi! Kipande cha ndani nakikata mshazari. Mimi!"

Kisha mmoja akacheka puani. "Si ulisema mwenyewe ni fundi?"

"Cheo kishapata mtu, ndiyo anakumbuka," mwingine akadakia.

Wakamtazama kwa jicho la pembeni. Jicho lile alilijua vizuri, maana miaka yote ndilo alilowatazamia wao.

"Nipeni mkasi niwaonyeshe."

Fundi mashine akaushika mkasi mkubwa kiunoni mwake kwa mikono miwili. Hakuna aliyeinuka, isipokuwa Mama Vifungo. Akapekua mfuko wa aproni yake, akatoa kimkasi cha kukatia nyuzi, akamnyooshea.

Bi Kufuli akakitazama kwanza, akitafuta mtego. Kisha akakipokea.