Siku Niliyowatembeza Wakwe Viwanja vya Kitale

Mpaka leo nikipita karibu na uwanja wa mpira wa Kitale nageuza uso upande wa pili, na mkitaka kunicheka chekeni tu, hata mimi kama haingekuwa mimi ningecheka. Waliocheza siku hiyo sasa wana vitambi, lakini aibu yangu bado ni mbichi.

Mambo yalianzia kwa mdomo wangu. Wakati huo nilikuwa nachumbia Nekesa, binti wa Matulo kule karibu na Webuye, na mimi ni mtoto wa mtaa wa Tuwan, wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kuuza sufuria Kitale kabla sijazaliwa. Baba yake, Mzee Barasa, akatuma neno kwamba Jumamosi atakuja na dada yake na ndugu zake wawili kuona kwetu, na hapo ndipo ingejulikana kama napewa msichana ama sipewi. Sasa huyu mzee ujanani alikuwa kipa (ana kidole kimoja kilichopinda, anakionyesha kila mtu), na siku hiyo hiyo timu ya Bungoma, ambayo kijana wake Wafula alikuwa mshambuliaji, ilikuwa inakuja kucheza kwetu, kwa hivyo akauliza kama kuna mtu wa kuwatembeza viwanja vya Kitale kabla ya kula. Nikasema mimi. Nikasema viwanja vyote vya mji huu navijua nje ndani. Ukweli ni kwamba Jumamosi zangu zote tangu utotoni zilikuwa za kufunga sufuria kwa kamba dukani, na uwanja nilikuwa naujua kwa kelele tu.

Kitu kimoja nilikijua vizuri, maana Nekesa alinifundisha kama mtoto wa nasari. Kwao, mwanamume na mama ya msichana anayemwoa hawagusani. Hawashikani mkono, hawaketi pamoja, hawaangaliani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Ni heshima kubwa na wanaishika kweli kweli. Mara zote nilizoenda Matulo mama yake alipitia nyuma ya nyumba, nikaona mgongo tu ukipotelea kwenye migomba. Nikaambiwa kwetu Tuwan hatakuja, nikashukuru Mungu, angalau hofu moja ikapungua.

Jumamosi ikafika, wageni wakashuka, Nekesa akiwa nao, mama yangu akabaki jikoni na sufuria zake, nikaanza kutembeza watu. Nikawapeleka kwanza kwenye uwanja wa gofu, nikidhani mtu anaingia tu kama sokoni, na askari wa langoni akaniuliza kwa upole mimi ni mwanachama namba gani. Nikajibu kwamba tulikuwa tunaangalia nyasi tu. Mzee Barasa akaangalia nyasi, akaniangalia mimi, akanyamaza. Kutoka hapo nikawapeleka uwanja wa maonyesho, mwendo mrefu na jua limewaka, shangazi yake Nekesa amevaa viatu vya kanisani, tukakuta kufuli (maonyesho si ya kila wiki, kila mtoto wa Kitale anajua hivyo isipokuwa yule aliyekuwa anaongoza wageni). Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kola imelowa. Nikaanza kuona nikinyimwa msichana kwa sababu ya kufuli.

Tukafika uwanja wa mpira na mechi imeshaanza. Nekesa akanivuta shati, akaninong'oneza, "Tupitie lango kubwa, tafadhali." Na hapa kama ningetii, jamani, sasa ningekuwa mtu wa heshima zake. Lakini lango kubwa lilikuwa na foleni, mzee ameshaanza kuhema, na mimi nikaona hata mchumba wangu haniamini tena. Nikamwambia kwa sauti, wote wasikie, "Mwenye mji ni nani, wewe ama mimi?" Nikawazungusha hadi kilango cha nyuma nilichokuwa nimekiona siku hiyo hiyo kwa mara ya kwanza. Nekesa alitaka kusema kitu, akamwangalia baba yake, akaacha. Halafu shangazi akakatikiwa na kamba ya kiatu, Nekesa akabaki nyuma kumsaidia, nami nikatangulia kutafuta nafasi.

Upande ule watu walikuwa wachache. Mwisho wa ngazi ya saruji aliketi mama mmoja peke yake, sweta ya buluu, leso kichwani, nikaketi karibu naye nikishikia wageni nafasi. Akasonga. Nikadhani ananipa nafasi, nikamshukuru, nikasonga pia. Akasonga tena mpaka akafika ukingoni kabisa, amegeuza uso, nami kwa huruma nikamwambia, "Mama, usiogope, mimi si mwizi." Nikampa njugu, akakataa kwa kutikisa leso. Na kwa vile roho yangu ilikuwa imejaa wasiwasi na hapa kuna mtu mzima asiyenijua, nikaanza kumweleza shida zangu, kwamba nina wakwe kutoka Matulo, kwamba baba yao haongei, kwamba nahisi leo nafukuzwa. Mama akainuka aende zake.

Wakati huo huo Wafula akapata mpira, akampita beki, akafunga. Nikawaona Mzee Barasa na ndugu zake wanapanda ngazi, nikaona hii ndiyo nafasi ya kuwaonyesha nashangilia watu wao, nikaruka juu na kumkumbatia mtu aliyekuwa karibu kabisa, ndiye yule mama, nikamwinua miguu ikaacha saruji, nikamzungusha.

Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele isipokuwa ngazi yetu. Mzee Barasa alikuwa amesimama mkono mdomoni. Shangazi akaketi chini hapo hapo. Nekesa akaja mbio, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Muweke chini," akasema. "Huyo ni mama."

Alikuwa amekuja na watu wa kanisa kumtazama mtoto wake akicheza, na Nekesa mwenyewe ndiye alimwambia aketi nyuma, kwa sababu wageni wataingia na lango kubwa. Nilimweka chini kama yai. Akajifunika leso uso wote na kushuka ngazi upesi. Na mshika kibendera alikuwa ameinua kibendera chake kitambo, bao halikuwa bao, Wafula alikuwa ameotea.

Mzee Barasa akasema neno lake la kwanza la maana tangu asubuhi. "Kijana, hapa hatuwezi kula tena." Wakaondoka bila kuonja, mama yangu akabaki amesimama mlangoni na mwiko mkononi akiuliza kwani kumkumbatia mama ya mtu ni makosa, na mimi nikaingia chumbani nikalia, sioni haya kusema.

Miezi ilipita bila neno. Wazee wakakaa Matulo, kondoo akapelekwa, maneno ya kutuliza yakasemwa. Nekesa ni mke wangu leo. Siku ile niliposamehewa, mama mkwe alikaa nyuma ya ukuta, akamtuma shangazi aniletee maneno yake.

"Anasema amesamehe," shangazi akaniambia. "Anasema pia baba ya Nekesa haongei hata nyumbani, usiogope."

Tangu hapo mgeni akiniuliza njia ya uwanja namwonyesha kituo cha polisi, wao watamwelekeza. Na bao likiingia, mimi hushangilia mikono ikiwa mfukoni.