Gari Refu la Shemeji Sixbert

Shemeji yangu Sixbert ana miaka arobaini na moja, ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Majengo, ana mke ambaye ni dada yangu Lidwina, na ana Land Cruiser iliyozeeka kuliko ndoa yao. Ukimuuliza habari za nyumbani, atakujibu habari za gari.

Mtaani tunaliita Mkonga, kwa ajili ya lile bomba jeusi linalopanda pembeni ya kioo cha mbele ili gari livute hewa likiwa ndani ya maji. Alilifunga mwenyewe, wiki tatu. Mto atakaouvuka hakuna anayeujua. Kutoka nyumbani kwake hadi dukani kuna mfereji mmoja tu, na vifaranga vyangu vinauruka.

Yeye si fundi wa gereji. Angekuwa fundi tungemheshimu, maana fundi hutengeneza gari likaondoka. Sixbert hutengeneza gari likabaki. Akimaliza breki anafungua taa, akimaliza taa anaona bampa haimpendezi, anaikata, anachomelea nyingine nzito mithili ya geti la shule. Difu, lile tufe la chuma linalozungusha tairi, liliwahi kukaa jikoni mwezi mzima, dada yangu akipika huku analiruka, na mboga ikinukia oili. Siku moja nilimkuta dada anapepeta mchele juu ya boneti kwa sababu meza ya kulia chakula ilikuwa imejaa nati. Hakuwa analalamika. Hilo ndilo liliniuma.

Mwenyewe anasimulia ugonjwa huu ulipoanzia. Alipokuwa mtoto huko Namtumbo, gari la padre lilikwama kwenye tope, wakasukuma, na padre akamkalisha mbele ya usukani kama zawadi. Dakika tano. Hadithi hiyo tunaisikia kila Jumapili baada ya misa, na kila mwaka tope linazidi kuwa refu. Siku hizi limefika dirishani.

Jumamosi huja wenzake wawili wenye magari kama hayo. Wanafungua boneti, wanainama, wanatikisa vichwa kama watu walioitwa kutambua maiti.

"Injini hii haijui kufa," mmoja anasema.

"Haijui kabisa," Sixbert anajibu.

Haijui kufa, na kwenda pia haijui.

Ningeendelea kucheka kimoyomoyo, nikiwa na mwanangu Getruda mgongoni, kama lisingekuja lile la mama.

Mama yetu, Ekaristia, anakaa kwangu, kwa sababu mume wangu Leodegari yuko Nalasi kwenye mikorosho ya baba yake, na kwa sababu kwetu mama hawezi kukaa nyumba moja na mkwe wake wa kiume. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Mama akipita njia hii, mkwe anageuza uso au anasimama pembeni ya ukuta. Wakitaka kuongea, wanaongea kupitia mtu, hata kama wote wawili wanasikia. Sixbert kwa hilo ni hodari. Watu wanamsifu: mkwe mwenye adabu yule.

Miaka minne iliyopita mama aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Anatembea, lakini mguu wake wa kulia haupandi zaidi ya urefu wa tofali moja. Kizingiti cha chumbani nilikichonga kwa panga ili apite.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili simu ilipigwa kutoka Lusewa. Mama mkubwa Monika, dada yake mama, alikuwa haumwi tena mahali pamoja, alikuwa anaumwa kote. Hali chakula. Anamtaja Ekaristia. Mama aliniambia nimtolee kitenge kipya, kesho yake apande basi. Basi lina ngazi za karibu karibu, na konda akiombwa anashika mkono.

Jioni Sixbert akaja. Alisimama nje ya mlango, bega moja limeelekea kwetu na uso umeelekea choo.

"Shemeji, mwambie mama asipande basi. Litamvunja upya. Nitampeleka mwenyewe, na gari langu."

Mama alikuwa kitandani, hatua nne kutoka alipo. "Mwambie mkwe nashukuru. Kesho asubuhi?"

"Mwambie kesho hapana. Springi mpya zimefika, gari nimeshalifungua. Jumamosi."

"Jumamosi hii?" nikauliza mimi.

"Ya wiki ijayo, shemeji. Njia ya Lusewa kipindi hiki unaijua. Inataka gari lililonyanyuka."

Nilipofunga mlango nikamwambia mama twende zetu na basi. Akaniangalia kana kwamba nimetukana kanisani.

"Mkwe amesema atanipeleka, mimi nikadandie basi? Mtaa mzima useme nimemvua nguo?"

"Mama mkubwa anakusubiri."

"Atanisubiri. Ni mkubwa wangu, ananijua."

Basi tukasubiri springi.

Kuanzia asubuhi iliyofuata nilisikia nyundo kila siku, na kila siku simu kutoka Lusewa. Jumapili kanywa uji vijiko viwili. Jumanne kakataa. Jioni nilipokwenda kuanua nguo za mtoto nilikuwa nalitazama gari kupitia uzio unaotutenganisha na kwao, na naapa lilikuwa linakua kama mahindi yenye mbolea. Springi zikalipandisha. Kisha akaweka vipande vya chuma juu ya springi, likapanda tena. Kisha akafunga zile tairi pana za kashata, zenye meno ya kukanyaga tope. Alipomaliza, sakafu yake ilikuwa inafika kifuani pangu, na ngazi za pembeni alizikata akasema zinagusa mawe.

Nikamwita dada yangu kwenye uzio. "Dada, mama atapandaje pale?"

"Nimemwuliza."

"Kasemaje?"

"Kasema mtu anakanyaga tairi."

Nikaenda mwenyewe. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Shemeji, mama hawezi kunyanyua mguu."

"Mama yule?" Miguu ikacheka. "Mama ana nguvu, namwona anavyotembea."

"Unamwona wapi, wewe ambaye ukimwona unageukia ukutani?"

Spana ikagonga chuma. "Ile ni heshima, shemeji. Nipe hiyo spana kumi na saba hapo."

Sikumpa. Mtu amepima urefu wa maji ya mito ambayo hajawahi kuiona, amepima nafasi kati ya tairi na bodi kwa rula ya mwanawe, lakini mguu wa mtu anayempelekea gari hajaupima hata kwa jicho. Na jina la kutopima kwake ni heshima.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa amevaa tangu saa kumi na moja, kitenge kipya, rozari shingoni. Alipofika mbele ya mlango wa gari aliinua macho, akaangalia kile kiti kilivyo juu, akatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine amshike. Mguu hata hakuujaribu.

Sasa nani ambebe? Mkwe haruhusiwi. Wale rafiki zake wawili walikuwa pale, wamekuja kuona safari, lakini rafiki wa mkwe naye ni mkwe, nao wakasogea kwenye uzio na kutazama migomba. Tukabaki wanawake. Lidwina, mimi, na majirani wawili, Shakila na Leticia. Tukamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, tukakifunga kwa kanga, tukakinyanyua hadi juu ya meza, na kutoka mezani tukamsukuma ndani. Kitenge kikapanda, mguu mbaya ukaonekana hadharani, mama akafumba macho. Shakila akasema, "Pole mama, hata maharusi hubebwa," na mama akacheka kidogo kwa ajili yetu.

Sixbert alikuwa nyuma ya jiko, amegeuka kama adabu inavyotaka. Kutoka huko akapiga kelele:

"Msiuvute mlango! Bawaba mpya hizo!"

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyoudharau ule mgongo.

Tukaondoka. Mama mbele, maana nyuma mguu wake usingeenea, ameegemea dirisha asimguse mkwe. Sisi nyuma na mtoto. Kwenye lami gari lilitetemeka mpaka meno ya Getruda mawili yakawa yanagongana. Nikauliza ni nini. Sixbert akasema ni tairi, zinazoea. Baadaye niliambiwa na fundi wa kweli: gari likinyanyuliwa hivyo, ile propela inayopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma inakaa mshazari kuliko ilivyotengenezwa, na isiporekebishwa inajikata. Hata wenzake walikuwa wamemwambia. Alisema atarekebisha baada ya safari.

Tulipita Namtumbo, tukaacha lami, tukaanza kupanda kilima cha kwanza chenye tope. Hapo ndipo paliposikika kishindo chini ya miguu yetu, kama mtu amepiga sufuria na mchi. Gari likasimama. Mita mbili kutoka kwenye lile tope alilolijengea miaka yote.

Sixbert akateremka, akatandika gunia, akaingia chini. Alipotoka niliuangalia uso wake vizuri, nikaona jambo ambalo sitalisahau. Alikuwa na furaha. Macho yanang'aa, mikono ina grisi, ameshapata kazi.

"Krosi, kile kiungo cha propela, imekatika. Ndogo hiyo. Naagiza Namtumbo, bodaboda ataleta. Mwambie mama avumilie saa moja tu, au mbili."

Mama alikuwa anamsikia. Alikuwa anaangalia mbele, vidole vyake viko kwenye punje ileile ya rozari tangu Namtumbo.

"Mwambie mkwe," akasema taratibu, "nimeshavumilia siku tisa."

Sixbert akatazama chini. Lidwina akaanza kulia, sijui kwa aibu ya mume au ya mama.

Wakati huo guta lilikuwa linapanda kilima nyuma yetu, pikipiki ya matairi matatu iliyojaa mifuko ya mbolea, inayumba kama bata, lakini inapanda. Kijana aliyeliendesha akasimama. Jina lake Kassimu, mtu wa Lusewa hukohuko. Nikamtajia mgonjwa wetu.

"Bibi Monika? Namjua, jirani ya bamkubwa wangu. Twendeni." Akalitazama Mkonga kuanzia tairi hadi bomba. "Kaka, hili la vita?"

Nikamweleza Kassimu shida ya mguu. Hakuuliza mara mbili. Alirudisha guta kinyumenyume mpaka mifuko ikagusana na mlango, juu ya mifuko pakawa sawa na kiti, akapanda akanyoosha mikono.

"Mimi si mkwe wa mtu hapa, bibi. Nishike shingo. Bismillahi."

Mama akateleza juu ya mbolea kama mtu anahamia kitanda cha pili. Nikapanda na mtoto. Lidwina akabaki kushika tochi chini ya gari mchana kweupe, maana mumewe alimwomba.

Tulifika Lusewa jua linapungua. Mama mkubwa alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, mdogo kama mtoto wa shule. Alimtambua mama kwa hatua kabla ya kumwona.

"Ekaristia. Umechelewa."

"Nimechelewa, dada."

"Nani kakuleta?"

Watu wa nyumba walikuwa wamejaa. Mama alikaa chini kwanza, akauweka mguu wake vizuri, akachukua mkono wa dada yake.

"Mkwe," akasema. "Mkwe wangu kanileta."

Mama mkubwa akafurahi. "Una bahati." Mimi nilimtazama Kassimu, naye alikuwa anashusha mifuko bila neno, akatabasamu tu. Nikaenda kumnyonyesha mwanangu nyuma ya nyumba ili midomo yangu isifunguke.

Wakaongea usiku ule na Jumapili kutwa. Waliimba nyimbo za walipokuwa wasichana, mama mkubwa akiimba kwa pumzi tu. Jumatatu alfajiri alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Siku moja na nusu. Zingekuwa siku kumi. Springi zilikula zilizobaki.

Sixbert alifika Jumatatu hiyo hiyo saa nne, honi kubwa, tope hadi juu ya boneti, watoto wa Lusewa wakilikimbilia. Wanaume wakalizunguka, wakapapasa tairi. Wakaomba lipeleke jeneza kanisani, akakubali haraka. Walipolileta mabegani hawakuhitaji hata kuliinamisha. Milango ya nyuma ikafunguliwa, jeneza likaingia moja kwa moja, laini kabisa. Kwa mtu aliye hai lilikuwa refu. Kwa maiti lilikuwa sawasawa.

"Umeona, shemeji, lilivyobeba?" aliniambia baada ya maziko, akifuta kioo.

"Nimeona."

Siku ya kurudi alisimama nje ya ile nyumba, bega kwetu, uso kwenye migomba.

"Shemeji, mwambie mama gari liko tayari. Propela nimeirekebisha, na nimeazima kigoda cha kukanyagia."

Mama alikuwa ameshafunga kanga yake ya safari. Mbele za watu wote wa msiba, wajomba, makatekista, wanawake wa jumuiya, alisema bila kupandisha wala kushusha sauti:

"Mwambie mkwe nashukuru sana. Mimi napanda basi."

Sixbert aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu alimtazama mama mkwe wake, kuanzia usoni hadi mguuni. Aliutazama ule mguu muda mrefu. Mama hakujifunika. Kisha akashika fimbo yake, nami nikamfunga Getruda mgongoni, tukaenda taratibu hadi kituoni, ambako konda aliruka chini kabla hatujamwomba, akanyoosha mkono.