Kibao cha Sabrina

Tangu amzike mkewe, Tahiri hakuwa amelia. Alikaa matangani, akapokea pole, akala alichopewa, kisha akarudi kazini kama mtu aliyetumwa dukani. Majirani wa Rumonge walimtazama kwa wasiwasi. Naye alijitazama, asione kitu.

Kazi yake na mkewe Sabrina ilikuwa ya wawili. Katika ghala refu lililowahi kuwekwa mafuta ya mawese, walikagua vipimo vya leza vya mafundi ujenzi na wapima viwanja, wajue kama bado vinasema kweli. Tahiri alishikilia kipimo ukutani. Sabrina alisimamisha kibao cheupe upande wa pili, uso wake sawasawa na alama iliyopakwa sakafuni. "Iko?" aliuliza Tahiri. "Iko!" alijibu Sabrina, ndipo mume akabonyeza. Siku nzima ni hivyo hivyo, na jioni bado walikuwa na la kuzungumza.

Sasa Melkiades, mwenye karakana, alikuwa ameleta mashine. Kigari chenye mota kilibeba kibao juu ya reli na kusimama penye alama, kamera ikasoma namba, kompyuta ikaamua. Tahiri aliachiwa kuweka kipimo na kuwasha. Hakubisha. Ila kabla ya kuwasha alitoa kibao chembamba cha mashine, akafunga mahali pake kile cha Sabrina kwa skrubu zake mwenyewe.

Mashine ikakataa vipimo vyote, hata vipya.

Melkiades akapapasa kibao.

"Muzee Tahiri, vipimo viko bien, havina kosa. Ni hiki kibao, iko munene, uso unapita alama."

"Uiambie mashine unene wake."

"Mbao inapinda na mvua. Leo hivi, kesho vingine. Marehemu Sabrina alikuwa anaona kwa macho, anakisogeza. Hii haioni. Pole, muzee, tukitoe."

Tahiri akakifungua. Nyuma palikuwa na weusi ulioachwa na viganja vya mkewe. Akautazama, moyo kimya, akakiweka kwapani, akarudisha kile chembamba na kuwasha mashine.

Kigari kikaenda, kikasimama kwenye alama ya kwanza.

"Iko?" Mdomo ulikuwa umemtangulia.

Akasubiri jibu. Kigari kilishapima, kilikuwa kinaelekea alama ya pili. Hapo ndipo msiba ulipomuuma. Tahiri akaketi sakafuni, kibao mapajani, akalia kwa sauti. Melkiades akazima mashine, akatoka nje.