Kidole cha Mjomba

Kila nikisikia harufu ya muhogo uliolowekwa, namkumbuka mama siku askari wa Mdachi walipoingia uani kwetu. Walimtaka mjomba, aliyegawa maji ya vita, na walikuwa wakiwanyonga hata ndugu zake. Mjomba alijulikana kwa vidole sita vya mkono wa kushoto. Mama, dada yake, alikuwa na vitano. Mimi, bintiye, nilizaliwa na sita.

Mama aliuzamisha mkono wangu chunguni. "Uminye muhogo, mwanangu. Usiutoe mkono."

Askari alivihesabu vidole vya mama kimoja kimoja. "Huyu si ndugu yake," akawaambia wenzake.

Walipoondoka, mama alikiosha kidole changu polepole, akamlilia kaka yake.