Msiba wa Waziri wa Kiholanzi

Nilimchukia waziri yule bila kumwona. Alikuwa babu yake meneja wetu wa shamba la mkonge, nje kidogo ya Lindi, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mkalimani. Picha yake ilitundikwa ofisini: ndevu, nishani, na macho ya mtu anayesubiri kuamkiwa.

Kila mwaka, siku aliyofariki babu huyo, meneja alitukusanya atusimulie maisha yake. Mtoto wa wakili, akasoma sheria, akaingia bungeni, akawa waziri wa makoloni. Kwa amri yake watu wa Java, kisiwa ambacho hakuwahi kukikanyaga, walilima kahawa ya serikali badala ya mpunga wao. Walipokufa njaa, meneja alisema ni uvivu wao. Mfalme akamvika babu nishani nyingine.

Mwaka wa mwisho nilijitahidi kutabasamu. Meneja alikuwa amelitamani shamba la mhogo la mama yangu, lililopakana na mkonge wake, na alikuwa bado hajaamua kama atalichukua.

Bibi mmoja, mtani wetu, akasikia kuna kumbukumbu ya marehemu. Kwetu msiba haukamiliki bila mtani; yeye humwigiza marehemu na kumsema mpaka wafiwa wacheke. Akaja na unga kidevuni, vifuniko vya chupa kifuani, akajitupa kwenye kiti cha meneja.

"Nileteeni kahawa!" akafoka. "Shamba langu liko wapi? Silijui! Nyie limeni tu! Mna njaa? Haya, tafuneni nishani!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Meneja akanigeukia.

"Anasema nini?"

Ningesema anamwombea dua, na mhogo wa mama ungesalimika. Hasira hasara, lakini yangu ilikuwa imejaa mpaka kooni. Nikafasiri neno kwa neno.

Wiki ile ile trekta likapita juu ya mhogo. "Babu angefanya hivi hivi," meneja akaniambia, tena kwa fahari. Mama aliokota mihogo michanga huku akilia.

Baadaye homa ikamuua meneja. Maiti ni maiti, wakasema wazee wa kambi, wakanituma kwa mtani wetu. Nikamkuta anatwanga.

"Shikamoo bibi. Meneja amefariki, unaitwa."

"Marahaba." Hakuuweka mchi chini. "Babu yake nilimcheza kwa kuwa sikumjua, mjukuu wangu. Huyu namjua. Mfukieni tu."