Baharia Niliyemketisha Mezani

Wengine mtasema ni uchovu wa kazi. Semeni. Mimi nilikuwepo, na koti la yule mtu nililipokea kwa mikono yangu hii.

Namtunza mzee mmoja wa Kipolandi hapa Toronto, juu kwenye ghorofa za Don Mills. Miguu yake haimbebi. Namwogesha, namlisha, namsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Ukutani ana picha ya baba yake, baharia wa meli ya kivita ya mtoni: chombo bapa, chenye mizinga, ambacho hakikuwahi kuona bahari. Mimi mtu wa Uvira, niliyekulia kando ya ziwa, nikamtania: manowari gani hii ya kuelea kwenye matope? Akacheka, kisha akanisimulia. Vita vilipowafikia, maji ya mto yalikuwa yamepungua mno, meli haziwezi kukimbia. Wakaamriwa wazizamishe wenyewe ili adui asizipate. Baba yake akafungulia maji yaingie, akafunga kifuniko cha chuma, akaruka. Ndipo wakasikia mtu anagonga kutoka ndani. Hakuna aliyerudi kumfungulia.

Sasa, mkesha wa Krismasi watu wa kwao huandaa mezani sahani moja ya ziada, ya mgeni asiyetarajiwa. Desturi hiyo niliipenda, niliona kama ni ya kwetu. Jioni ile giza lilikuwa limeshaingia, nami niko jikoni napasha supu, mlango ukagongwa. Hebu niambie, mtu aliyelelewa vizuri akisikia mlango unagongwa, hujibu nini? Nikasema, "Karibu," bila hata kugeuka.

Mlango ule nilikuwa nimeufunga kwa mnyororo. Ulifunguka.

Akaingia kijana aliyelowa chapachapa. Nje kulikuwa na theluji ya magotini, lakini yeye alichuruzika maji yanayonuka matope ya mto. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka hadi mfupa ukaonekana. Niliogopa, nakuapia, ila mikono yangu imezoea wageni: ikapokea koti, ikamwonyesha ile sahani. Akaketi. Hakula. Akaanza kugonga meza, polepole.

Niamini, mzee akaanza kuinuka. Miguu ile ninayoiosha kila siku ikasimama yenyewe, kwa sababu kijana alikuwa amemnyooshea mkono.

Nilijua akiushika tu, sina mgonjwa tena. Nikamkamata mzee kiunoni, nikamrudisha kitini. Na yule mwingine ningemfanya nini? Mgeni huwezi kumfukuza, lakini kusindikizwa hakatai. Nikamwambia, "Twende nikusindikize."

Aliinuka kwa adabu, akachukua koti lake. Tukafuatana kwenye korido, zulia linalowa, hadi kwenye lifti. Akaingia, milango ikajifunga, ikashuka. Ndipo nikamsikia anagonga kutoka ndani. Ilishuka ikapita hata chini kabisa ya jengo, na bado anagonga.

Niliporudi, mzee alikuwa analia.

"Kwa nini umemtoa?" akaniuliza. "Nimemngoja maisha yangu yote nimwombe radhi kwa niaba ya baba."

Mdogo wangu anayekaa Mount Dennis alinisihi, akiniita yaya kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa: "Yaya, ile kazi uiache. Usirudi kule tena." Nimerudi. Nani atamwogesha?

Lakini wewe unayetunza wazee wa watu, nisikilize. Hujui wamekuja na nani katika nchi hii. Kabla ya kumkaribisha mtu, uliza jina lake, hata kama nje kuna baridi ya kuua. Mimi sikuuliza, na tangu siku ile giza likiingia tu, chini ya sakafu yetu panagongwa. Huwa naongeza sauti ya televisheni ili mzee asisikie. Jana nilimkuta ameizima. Alikuwa anagonga chuma cha kiti chake kwa kijiko, ananyamaza, anasikiliza, anagonga tena. Na miguu yake alikuwa ameshaishusha sakafuni.